Aliyemsomea Mkewe Homer Mabomu Yakianguka

Miongoni mwa vitabu vilivyonunuliwa kwa wingi nchini Uingereza baada ya Vita Vikuu vya Pili, kimoja kilikuwa hadithi ya kale yenye umri wa zaidi ya miaka 2,500. Aliyekifasiri hakuwa mshairi mashuhuri wala profesa wa chuo kikuu. Alikuwa mtu wa kazi ya uchapishaji, Bw. Emile Victor Rieu, na wasikilizaji wake wa kwanza walikuwa mkewe na binti zake, nyumbani kwao London, usiku baada ya chakula.

Rieu alizaliwa London mwaka wa 1887. Baba yake, Charles Rieu, alikuwa Mswisi mzaliwa wa Geneva. Mzee huyo alikuwa mtunzaji wa hati za nchi za Mashariki katika jumba la makumbusho la British Museum, akaorodhesha maandiko yake ya Kiajemi, na baadaye akawa profesa wa Kiarabu katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Kwa hivyo mtoto huyo alikulia katika nyumba ambamo maneno ya watu wa mbali hayakuwa kitu cha ajabu. Alisomea St Paul's School, kisha Balliol College huko Oxford, na mwaka wa 1908 akapata daraja la kwanza katika mtihani wa Kigiriki na Kilatini.

Kijana mwenye elimu kama hiyo siku zile alitazamiwa awe mwalimu au kasisi. Rieu alishika njia nyingine. Mwaka wa 1912 alipelekwa Bombay, India, kufungua tawi la wachapishaji Oxford University Press. Mwaka wa 1914 alimwoa Nelly Lewis, na wakati wa vita vya kwanza akatumika katika jeshi la Wahindi, kikosi cha Maratha. Aliporudi kwao alijiunga na kampuni ya Methuen mwaka wa 1923, akapanda hadi kuwa mkurugenzi wake mkuu mwaka wa 1933. Miaka mitatu baadaye aliacha cheo hicho, akawa mshauri tu wa mambo ya vitabu. Pembeni alikuwa akitunga mashairi ya kuchekesha watoto. Lau maisha yake yangeishia hapo, jina lake lingekumbukwa na wachache sana.

USIKU WA MABOMU

Mnamo Septemba 1940 ndege za Wajerumani zilianza kuushambulia mji wa London usiku baada ya usiku. Taa zilizimwa mji mzima, ving'ora vikalia, na watu wakalala mahandakini au katika vituo vya treni za chini ya ardhi. Katika miaka hiyo ya vita Rieu alijizoeza jambo moja. Baada ya chakula cha jioni alikifungua kitabu cha Homer, akaitupia macho ile Odyssey katika Kigiriki chake cha kale, na papo hapo akawasimulia jamaa zake kwa Kiingereza cha kawaida, kile cha kuzungumza mezani.

Odyssey ni utenzi wa beti zaidi ya 12,000, uliogawanywa katika sehemu 24. Wasimulia habari za Odysseus, mfalme wa kisiwa cha Ithaca, aliyepigana miaka kumi katika vita vya Troy na kisha akahangaika miaka kumi mingine akitafuta njia ya kurudi kwake. Nyumbani, mkewe Penelope asumbuliwa na wachumba 108 wanaokula mali ya mwenye nyumba na kumtaka achague mume mpya. Mama huyo awaambia wangoje mpaka amalize kufuma sanda ya baba mkwe wake; mchana hufuma, usiku hufumua. Huko baharini, Odysseus akutana na jitu lenye jicho moja, na mchawi ageuzaye watu kuwa nguruwe, na mwisho afika kwake akiwa amevaa matambara kama maskini. Wa kwanza kumtambua ni mbwa wake mzee, ambaye atikisa mkia kisha akafa.

Kuna mahali katika sehemu ya nane ambapo Odysseus, akiwa mgeni asiyejulikana katika karamu ya mfalme, amsikia manju kipofu akiimba habari za vita vya Troy. Anajifunika uso kwa joho lake ili watu wasione machozi yake. Mara nyingine manju aimbapo, Homer alifananisha kilio hicho na cha mwanamke aliyeangukia maiti ya mumewe mbele ya mji uliovamiwa na adui. Mambo hayo yalitungwa kabla ya kuwako baruti. Lakini mtu aliyeyasikia katika London ya wakati ule, madirisha yakiwa yamezibwa kwa vitambaa vyeusi, hakuhitaji mwalimu wa kumweleza maana yake.

Katika kazi hiyo ya kila jioni Rieu alimpata mwamuzi mkali kuliko profesa yeyote, nalo ni sikio. Msomaji aweza kurudi nyuma akaisoma tena sentensi ngumu. Msikilizaji hana nafasi hiyo. Neno likimponyoka limekwenda. Tafsiri nyingi za zamani zilijaa Kiingereza cha makusudi, kizito na cha kikale, kana kwamba shujaa wa Ugiriki hakuweza kuomba maji ya kunywa ila kwa lugha ya kanisani. Rieu aliyaondoa hayo yote, akaacha pia vina na mizani, akaandika nathari tupu.

SHILINGI MOJA

Mswada ulipokuwa tayari aliupeleka kwa Allen Lane, aliyeanzisha kampuni ya Penguin mwaka wa 1935 ili kuuza vitabu vya bei nafuu. Washauri wa Lane walitia shaka. Tafsiri za Homer zilikuwa tele, nao waliuliza nani angenunua nyingine. Lane aliisoma, akaipenda, na mwaka wa 1944 akampa Rieu kazi ya kuhariri mfululizo mzima wa vitabu vya kale vya mataifa yote. Odyssey ilitoka Januari 1946 kwa bei ya shilingi moja ya Kiingereza. Katika miaka iliyofuata nakala zaidi ya milioni tatu ziliuzwa.

Rieu alihariri mfululizo huo miaka 20. Wataalamu wengi wa vyuo vikuu hawakumridhisha, maana walijua lugha ya kale lakini hawakujua kuandika Kiingereza chepesi, kwa hiyo mara nyingi aliwatafuta waandishi wa kawaida. Dorothy Sayers, aliyejulikana kwa hadithi za upelelezi, alimfasiri Dante. N. J. Dawood, mzaliwa wa Baghdad, alifasiri hadithi za Alfu Lela Ulela mwaka wa 1954, na Kurani mwaka wa 1956. Rieu mwenyewe aliitoa Iliad mwaka wa 1950, na Injili nne mwaka wa 1952. Kabla ya hapo alikuwa mtu asiyeshika dini, akaingia katika Kanisa la Uingereza mwaka wa 1947.

Lakini mgala muue na haki yake mpe. Wakosoaji walisema kwamba aliyeacha mizani ameacha nusu ya Homer, kwani utenzi ni wimbo kabla ya kuwa hadithi. Tena, maneno ambayo Homer huyarudia makusudi, kama sifa za mapambazuko na za bahari, Rieu aliyabadilibadilisha ili yasichoshe. Pengine miungu inapomtia mtu wazo moyoni, yeye aliandika kana kwamba mtu amejifikiria mwenyewe. Mwanawe mwenyewe, D. C. H. Rieu, aliirekebisha tafsiri hiyo mwaka wa 1991 na kuisogeza karibu zaidi na Kigiriki.

Hoja hizo ni za haki. Hata hivyo jambo moja halikanushiki: watu waliokuwa wakiamini kwamba Homer ni mali ya wenye digrii walimkuta dukani, kwa shilingi moja, akisema lugha yao. Aliyemfungulia manju huyo mlango ndiye aliyewawezesha hao kudai tafsiri bora zaidi.

Rieu alistaafu mwaka wa 1964, akafariki London mwaka wa 1972. Tangu hapo wengine wengi wameifasiri Odyssey, na tafsiri ya Mmarekani Robert Fagles ya mwaka wa 1996 ilisomwa na mwigizaji Ian McKellen, ikatiwa katika kanda. Hivyo utenzi ulioanza midomoni mwa waimbaji umerudi masikioni. Odysseus alichukua miaka 20 kufika kwake. Utenzi wake ulichukua muda mrefu zaidi kufika katika nyumba za watu wa kawaida, na sehemu moja ya safari hiyo ilipita mezani kwa Rieu, sahani zikiwa zimeondolewa na ndege za adui zikiwa juu.