Jennie Lee: Binti wa mchimba makaa aliyefungua mlango wa chuo

Wadau, ni wangapi hapa wameachwa nje ya chuo kwa sababu ya cheti au ada? Basi leo tumkumbuke mwanamama wa Uskoti aliyelivalia njuga jambo hilo.

Jennie Lee alizaliwa 1904 huko Fife. Baba yake alikuwa mchimba makaa ya mawe, yaani hela ya kumsomesha binti chuo kikuu haikuwepo. Akafika Edinburgh kwa misaada ya ada, na hilo hakulisahau. Mwaka 1929, akiwa na miaka 24 tu, akaingia Bungeni. Kumbe mwenyewe alikuwa hajaruhusiwa hata kupiga kura, kisa umri na jinsia!

Mwaka 1965 Waziri Mkuu Harold Wilson akamkabidhi wazo la chuo kikuu cha hewani, cha kufundisha kwa redio na TV. Wengi wakalibeza. Uchumi wa Uingereza ulikuwa unayumba, hadi pauni ikashushwa thamani 1967. Kila kukicha Hazina inabana. Mama hakukubali chuo cha daraja la pili. Alitaka digrii kamili, ila mlangoni mtu asidaiwe cheti.

Mwaka 1969 Open University ikapata hati yake. Juni 1970 chama chake cha Labour kikaangushwa, naye akapoteza kiti. Hapo wengi wangesema basi tena. Ndani ya chama kilichoshinda walikuwepo waliotaka chuo kifutwe, lakini waziri mpya wa elimu, Margaret Thatcher, akakiacha kiendelee.

Januari 1971 wanafunzi kama 24,000 wakaanza. Mwezi huohuo wafanyakazi wa posta wakagoma kwa wiki saba! Chuo cha masomo kwa posta, halafu posta hakuna. Ikabidi kitafute njia nyingine za kuwafikia watu wake. Kilijifunza kazi kikiwa kazini, na hakikufa.

Jennie Lee alifariki 1988. Miaka minne baadaye Tanzania ikapitisha sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria chake.

Somo ninaloliona mimi: angesubiri hali itulie, chuo kisingekuwepo. Je, wadau, mlango ukiwa wazi, viwango vinashuka au watu ndio wanapanda? Tiririkeni.