Clessie Cummins: Fundi aliyeweka injini ya mazutu katika gari la zamani akaokoa kampuni yake

Kanyabayonga – Dereva wa lori anayeshuka mteremko wa Kabasha, kutoka Kanyabayonga kwenda uwanda wa Rwindi, anahitaji vitu viwili: injini yenye nguvu ya kupandisha mzigo wakati wa kurudi, na njia ya kulizuia gari lisimshinde wakati wa kushuka. Clessie Cummins, fundi wa Marekani aliyefariki mwaka 1968, alitumia maisha yake kutafuta vyote viwili. Jina lake bado linasomwa kwenye injini za malori, mashine za migodini na majenereta katika nchi nyingi, ikiwemo Kongo.

Safari yake kubwa ilianza na kazi inayojulikana sana katika magaraji ya Butembo, Beni na Kanyabayonga. Alichukua gari lililokwisha tumika, akatoa motere yake ya esansi, akaweka nyingine ya mazutu.

Mtoto wa shamba

Clessie Lyle Cummins alizaliwa Desemba 27, 1888, katika jimbo la Indiana. Wazazi wake walikuwa wakulima. Shule aliiacha baada ya darasa la nane na hakusoma uhandisi popote. Alipokuwa bado kijana mdogo alitengeneza mwenyewe injini ndogo ya mvuke, na tangu hapo hakuacha kushika vyuma.

Mwaka 1908 aliajiriwa na familia ya W. G. Irwin, mwenye benki katika mji mdogo wa Columbus, Indiana. Kazi yake ilikuwa kuendesha gari la familia na kulitengeneza. Irwin aliona kwamba kijana huyo ana kipaji, akamsaidia kufungua karakana yake. Mwaka 1911, mashindano ya magari ya maili 500 ya Indianapolis yalipofanyika kwa mara ya kwanza, Cummins alikuwa miongoni mwa mafundi wa gari la Marmon lililoshinda.

Februari 1919, kwa fedha za Irwin, kampuni ya Cummins Engine ilianzishwa mjini Columbus. Lengo lilikuwa kutengeneza injini za mazutu, kazi ambayo Wamarekani wachache waliiamini wakati huo. Rudolf Diesel, Mjerumani aliyebuni injini hiyo, alikuwa ameshafariki mwaka 1913. Injini za namna yake zilikuwa kubwa na nzito, za kufungwa melini na viwandani.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Cummins alipata mkataba wa kutengeneza injini ndogo za kuuzwa kwa wakulima kupitia duka kubwa la Sears, Roebuck, lililouza bidhaa kwa njia ya posta. Duka hilo liliruhusu mteja asiyeridhika kurudisha kitu na kurudishiwa pesa. Injini nyingi zilirudi, nyingine zikiwa zimeshamaliza kazi ya msimu mzima shambani, na hasara ikaiangukia kampuni. Kwa miaka kumi Irwin aliendelea kutoa pesa bila kuona faida.

Packard ya Krismasi

Mwishoni mwa mwaka 1929 soko la hisa la New York lilianguka na uchumi wa Marekani ukatikisika. Kampuni ya Cummins ilikuwa karibu kufungwa. Hapo ndipo fundi huyo alipotafuta gari la kifahari aina ya Packard la mwaka 1925, lililokwisha tumika, akaweka ndani yake injini ya mazutu ya silinda nne iliyokuwa imetengenezwa kwa ajili ya mashua.

Kazi ya namna hiyo haiishi kwa kutoa moja na kuweka nyingine. Injini ya mazutu haina plagi za kuwasha moto. Hubana hewa kwa nguvu nyingi hadi ipate joto kali, kisha mafuta hurushwa ndani na kuwaka yenyewe. Ili ivumilie mbano huo, lazima vyuma vyake viwe vinene, na kwa hiyo huwa nzito kuliko ya esansi. Pia huzunguka polepole. Fundi anatakiwa kuangalia kama fremu na springi za mbele zitabeba uzito huo, kama giaboksi inalingana na mwendo wa injini mpya, kama rejeta inatosha kuipoza, na kama freni zitaweza kulisimamisha gari lililoongezeka uzito.

Siku ya Krismasi ya mwaka 1929, Cummins alimpakia Irwin katika Packard hiyo na kumzungusha. Mwenye benki aliyekuwa amechoka kutoa pesa aliona kwa macho yake kwamba injini ya mashua inaweza kusukuma gari barabarani. Akakubali kuendelea kuisaidia kampuni.

Siku chache baadaye, Januari 1930, Cummins aliendesha gari hilo kutoka Indiana hadi New York, ambako maonyesho ya magari yalikuwa yakifanyika. Ni safari ya karibu kilomita 1,300. Mafuta yote yaligharimu dola 1.38. Gari hilo halikupata nafasi ndani ya maonyesho, hivyo alilionyesha jirani, na waandishi wa habari wakalifuata. Wenye malori walioanza kubanwa na hali ya uchumi walielewa haraka maana ya hesabu hiyo ya mafuta.

Mwaka 1931 alirudia mbinu ileile kwenye mashindano. Aliweka injini yake ya mazutu katika fremu ya gari la Duesenberg na kuliingiza Indianapolis, likiendeshwa na Dave Evans. Halikuwa la mbio kuliko mengine, lakini lilimaliza maili zote 500, yaani zaidi ya kilomita 800, bila kusimama hata mara moja kuongeza mafuta wala kubadilisha matairi. Lilishika nafasi ya 13.

Freni zilipokataa

Mwaka huohuo wa 1931 Cummins alivuka Marekani kutoka New York hadi Los Angeles kwa lori lenye injini yake, ili kuonyesha kwamba mazutu inafaa kwa safari ndefu. Huko California, yeye akiwa kwenye usukani, walianza kuteremka njia ya milimani iitwayo Cajon Pass. Freni zilipata moto na kuishiwa nguvu. Lori likazidi mwendo, na chini ya mlima treni ya mizigo ilikuwa inakata barabara. Lilipita mara tu behewa la mwisho lilipoondoka njiani. Walinusurika kwa nafasi ndogo sana.

Jambo hilo halikumtoka moyoni, kwa sababu alijua kwamba injini aliyoitetea ilikuwa sehemu ya hatari. Dereva wa injini ya esansi akiondoa mguu kwenye mafuta, injini hunyimwa hewa na kulivuta gari nyuma. Ya mazutu haifanyi hivyo vizuri. Inaendelea kuvuta hewa na kuibana, kisha hewa hiyo iliyobanwa inaisukuma pistoni irudi chini kama springi. Gari karibu halizuiwi, na mzigo wote wa kulishika unabaki kwa freni za magurudumu.

Malori yenye injini zake yaliongezeka, na mwaka 1937, miaka 18 baada ya kuanzishwa, kampuni ikapata faida kwa mara ya kwanza. Uongozi ulikuwa umeshapita kwa J. Irwin Miller, kijana wa familia ya Irwin. Katika miaka ya 1950 Cummins aliachana na kampuni yenye jina lake na kuishi California.

Hakupumzika. Alirudi kwenye tatizo la Cajon Pass na kulipatia jibu. Vali ya kutolea moshi ifunguliwe kidogo pale hewa inapokuwa imebanwa kabisa, hewa itoke nje, isipate nafasi ya kuisukuma pistoni. Hapo injini inageuka kuwa pampu ya hewa inayokula nguvu za gari badala ya kulisukuma.

Kampuni aliyoianzisha mwenyewe haikuuchukua uvumbuzi huo. Uliochukuliwa ni mkataba na kampuni ya Jacobs, iliyojulikana kwa kutengeneza vishikio vya keekee, na mwaka 1961 freni hiyo ya injini ikaingia sokoni. Cummins alikuwa na miaka 72. Leo malori mengi makubwa duniani yana freni ya namna hiyo, na sauti yake nzito ya kukatakata husikika kwenye miteremko.

Alichapisha kitabu cha maisha yake mwaka 1967 na kufariki mwaka uliofuata, akiwa ameandikishiwa hati zaidi ya 30 za uvumbuzi. Kampuni ya Cummins bado ina makao yake Columbus. Mwaka 2017 ilianza hata kuuza injini ya mazutu ya lita 2.8 kwa watu wanaotaka kuiweka katika magari ya zamani, kazi ileile aliyoifanya mwanzilishi wake kwenye Packard.

Kwa mafundi wa huku, maisha yake yana funzo la moja kwa moja. Mwenye gari anayeleta injini mpya garaji huuliza kwanza kama itapanda mlima na itakula mafuta kiasi gani. Cummins alijibu maswali hayo mawili mwaka 1930. Swali la tatu, la namna ya kulishika gari likiwa na mzigo kwenye mteremko, lilimchukua miaka 30, na nusura limuue kabla hajapata jibu. Ni swali la kuulizwa kabla injini ya zamani haijatolewa.