Jim Reeves: aliimba ngoma za vita, dunia ikamusikia akiwa kaburini

Masisi ao Walikale, masasi yakisikilika ngambo ya kilima, kijana aliyekwisha kuanza kutoa mahari anajiuliza: sasa nitaoa lini? Swali hilo liko ndani ya wimbo mumoja wa zamani wa Marekani, "Distant Drums", maana yake ngoma za mbali. Ndani yake kijana anasikia ngoma za vita, anajua zinaweza kumuita saa yoyote, na anamuomba mupenzi wake Mary wafunge ndoa mbele ya kuitwa. Aliyeuimba ni Jim Reeves.

Reeves alizaliwa tarehe 20/8/1923 kule Galloway, jimbo la Texas, akabaki bila baba akiwa bado mutoto muchanga. Alitaka kuishi kwa muchezo wa besiboli, lakini aliumia mushipa wa muguu, muchezo ukaishia pale. Akashika kazi ya redio. Alikuwa mutangazaji wa KWKH, redio ya Shreveport katika Louisiana, na inasimuliwa kwamba siku moja mwimbaji hakufika, basi wakamusimamisha yeye jukwaani. Mwaka 1953 wimbo wake "Mexican Joe" ukapanda mupaka nafasi ya kwanza.

Mwanzoni aliimba kwa nguvu, kama wengine. Kiisha akasogelea mikro karibu sana na kushusha sauti, kama mutu anayeongea na mumoja tu, usiku. Sauti hiyo ndiyo ilifikisha nyimbo zake mupaka Afrika Kusini, alikocheza filamu, na Kenya, ambako redio zinazipiga hata leo.

Tarehe 31/7/1964 alikuwa anarudi Nashville, yeye mwenyewe akiendesha ndege yake ndogo, pamoja na mupiga piano wake Dean Manuel. Mvua kali ikawakuta njiani, ndege ikaanguka. Watu walitafuta siku mbili mbele ya kuwapata, wote wamekufa. Reeves alikuwa na miaka 40.

"Distant Drums" uliandikwa na Cindy Walker. Reeves alikuwa ameuimba kwa kujaribu tu, haukutolewa. Kiisha kufa kwake, kampuni ikaongeza vyombo vya muziki juu ya sauti yake, ikautoa mwaka 1966. Wakati huo vijana wa Marekani walikuwa wanapelekwa kupigana Vietnam, na wengi waliusikia kama habari yao wenyewe. Uingereza ulikaa nafasi ya kwanza juma 5.

Bibi ya Reeves naye aliitwa Mary. Walioana mwaka 1947. Yeye alibaki mujane kwa sababu ya mvua, si ya vita, na miaka mingi alichunga kazi ya bwana wake.

Wimbo hausemi kama Mary alikubali, wala kama yule kijana alirudi. Hapa kwetu pia, wengi waliotenganishwa njiani wakikimbia wangali wanangoja jibu hilo.