Solomon Mahlangu: mwanafunzi aliyenyongwa, jina likabaki Mazimbu

Nje kidogo ya mji wa Morogoro, pale Mazimbu, ipo kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, yenye jina la Solomon Mahlangu. Wengi hupita bila kujua alikuwa nani.

Mahlangu alizaliwa Pretoria, Afrika Kusini, Julai 10, 1956, akakulia Mamelodi. Alilelewa na mama yake, mfanyakazi wa nyumbani. Serikali ya makaburu iliwagawa watu kwa rangi: pa kuishi, kazi ya kufanya, hata shule. Sheria ya elimu ya mwaka 1953 iliwaandaa watoto wa Kiafrika kwa kazi za chini, na katika historia waliyofundishwa babu zao hawakuwa na lolote la kujivunia.

Juni 16, 1976, wanafunzi wa Soweto waliandamana kupinga kulazimishwa kusoma kwa Kiafrikaans. Polisi waliwafyatulia risasi. Ghasia zilienea hadi Mamelodi, masomo yakakatika. Mahlangu, akiwa na miaka 20, alivuka mpaka, akajiunga na chama cha ANC na kupata mafunzo ya kijeshi Angola.

Juni 1977 alirudi na wenzake wawili, wakiwa na silaha. Tarehe 13 polisi waliwashtukia mjini Johannesburg. Katika purukushani hiyo raia wawili waliuawa kwa risasi. Ilikubalika mahakamani kwamba aliyewapiga ni mwenzake, Mondy Motloung. Lakini Motloung alikuwa amepigwa hadi ubongo ukaharibika, hakuweza kushtakiwa. Mahlangu akahukumiwa kifo kwa hoja kwamba walikuwa na nia moja. Alinyongwa Aprili 6, 1979, akiwa na miaka 22.

Wakati huo ANC ilikuwa ikijenga shule Mazimbu, kwenye shamba la zamani la mkonge lililotolewa na serikali ya Tanzania. Ikapewa jina lake. Vijana waliokimbia makaburu walisoma hapo sayansi, hesabu na historia waliyofichwa kwao: jinsi ardhi ilivyochukuliwa na ubaguzi ulivyofanywa sheria. Mwaka 1992 majengo yalikabidhiwa kwa Tanzania.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1973 uliuita ubaguzi huo uhalifu dhidi ya ubinadamu. Jirani zetu Rwanda, vitambulisho vilivyoandikwa kabila tangu enzi za Wabelgiji ndivyo vilivyotumika vizuizini mwaka 1994 kuchagua wa kuuawa. Kabla ya risasi na panga, watu walikuwa wameshapangwa kwa makundi, na watoto wameshafundishwa nani ana thamani na nani hana.