Bwana Tom Campbell Black, Rubani wa Nairobi

Neno rubani tumelirithi kutoka baharini. Rubani wa zamani alikuwa mtu ajuaye miamba na mikondo, akakiingiza chombo bandarini salama. Bwana ninayetaka kuwasimulia muhula huu anastahili jina hilo kwa pande zote mbili, maana kazi ya kuruka aliianza akiwa katika jeshi la majini.

Sisi tukaao Pasiansi, katika njia iendayo kiwanja cha ndege cha Mwanza, hatuinui tena macho ndege ipitapo. Nami nilipotafuta habari za watu walioanzisha kazi hii katika nchi zetu, nilidhani nitakuta serikali na makampuni makubwa. Nikamkuta mkulima wa kahawa.

Tom Campbell Black alizaliwa Uingereza, mjini Brighton, Desemba 1899. Katika Vita Kuu ya kwanza aliingia kikosi cha ndege cha jeshi la majini la Uingereza, na mwaka 1918 kikosi hicho kilipounganishwa na kile cha jeshi la nchi kavu, akawa askari wa Jeshi la Anga. Vita vilipokwisha alikuja Kenya, akalima kahawa pamoja na ndugu yake huko Rongai, karibu na Nakuru, na kufuga farasi. Lakini mtu aliyekwisha kuruka haridhiki na jembe. Mwaka 1928 yeye na wenzake wawili walishirikiana kununua ndege ndogo ya mabawa mawili, iitwayo Miss Kenya. Hiyo ndiyo ndege ya kwanza iliyoandikishwa katika Kenya.

Ndege moja ya watu watatu si biashara, ni starehe. Biashara ilikuja kwa njia ya mama mmoja mjane, Bibi Florence Kerr Wilson, aliyekuwa na fedha na moyo wa kuthubutu. Mwaka 1929 wakafungua Kampuni ya Ndege ya Wilson mjini Nairobi. Mtaji ulikuwa wa Bibi Wilson, ujuzi ulikuwa wa Bwana Black. Walianza na ndege moja tu, aina ya Gipsy Moth, ya mtu mmoja mbele na mmoja nyuma, isiyo na paa, upepo ukiwapiga usoni. Bwana Black alikuwa msimamizi wa kampuni, naye huyo huyo ndiye rubani mkuu. Wazazi wetu wenye maduka watamwelewa: mwenye duka dogo hupima sukari, huandika daftari, na jioni hufagia mwenyewe.

Kazi ilipatikana, maana wakati wa masika barabara zilikuwa matope matupu. Nisifiche kwamba abiria walikuwa hasa walowezi, maofisa na matajiri waliokuja kuwinda. Babu zetu waliitazama ndege kutoka chini. Hata hivyo barua haichagui mtu, na barua ndizo zilizoikuza kampuni. Tarehe 28 Februari 1931 shirika la Imperial Airways lilianzisha safari ya barua kutoka London mpaka Mwanza hapa hapa kwetu. Sehemu ya mwisho, kutoka Khartoum, ililetwa na ndege kubwa zenye matumbo kama mashua, zilizotua juu ya maji ya ziwa letu. Mwaka uliofuata Kampuni ya Wilson ikaanza kuchukua barua za pwani, kutoka Nairobi kupitia Mombasa, Tanga na Zanzibar mpaka Dar es Salaam.

Mwaka huo huo wa 1931 Ernst Udet, rubani mashuhuri wa Ujerumani aliyekuwa akipiga picha za sinema Tanganyika, alipotea pamoja na fundi wake katika mabwawa ya Nile, Sudan. Bwana Black ndiye aliyewaona na kuwasaidia. Watu hao walikuwa maadui katika vita miaka kumi na mitatu tu nyuma. Tena alimfundisha kuruka Bibi Beryl Markham, aliyekulia Njoro, ambaye Septemba 1936 alivuka bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza mpaka Kanada.

Mwaka 1932 aliiacha kampuni, akarudi Uingereza kuwa rubani wa tajiri mmoja, Lord Furness. Kwa maoni yangu hapo aliacha kazi yake iliyo bora, ingawa sifa kubwa ilikuwa bado mbele. Oktoba 1934 yeye na C. W. A. Scott walishindana na wengine kutoka Mildenhall, Uingereza, mpaka Melbourne, Australia. Walifika wa kwanza kwa saa 71, injini moja ikiwasumbua mwishoni, wakapata pauni 10,000. Siku zile meli ilichukua majuma kadhaa kwa safari hiyo.

Mwaka 1935, katika safari ya kwenda Cape Town, ndege iliharibika juu ya Sudan, akaruka kwa mwavuli akapona. Mauti yalimkuta mahali pasipo na hatari. Tarehe 19 Septemba 1936, katika uwanja wa Speke, Liverpool, alikuwa bado yuko chini akiiendesha ndege yake polepole, akijitayarisha kwa mashindano ya kwenda Johannesburg. Ndege ya jeshi ikamgonga. Alikuwa na umri wa miaka 36.

Kampuni ya Wilson iliendelea mpaka vita vya 1939, ndege zake zikachukuliwa na serikali kwa kazi ya jeshi. Mwaka 1946 East African Airways ikaanza kuruka. Kile kiwanja cha zamani cha Nairobi kilipewa mwaka 1962 jina la Wilson, kwa heshima ya yule mama mjane, na ndege ndogo zingali zikiruka kutoka hapo kila siku. Miss Kenya nayo ingali hai, inatunzwa Uingereza, na hurushwa siku za maonyesho.