Ronald Ross, daktari aliyeipigia malaria hesabu

Vijana wa Kisumu tunaijua malaria. Ronald Ross je? Alizaliwa Almora, India, mwaka 1857. Alipenda mashairi na muziki, lakini babake akamsukumia udaktari. Agosti 20, 1897, akiwa Secunderabad, aliona vimelea vya malaria tumboni mwa mbu. Mwaka 1902 akatuzwa Nobel.

Hakutulia. Alionyesha kwa hesabu kwamba si lazima uue kila mbu: wakipungua chini ya kiwango fulani, ugonjwa unafifia. Ukilegeza kamba, unarudi. Alifariki London mwaka 1932.

Hesabu za aina hiyo ndizo wataalamu hutumia leo kukadiria hatari chanjo zikikatizwa na mgomo au uhaba. Kuzuia surua, watoto 95 kati ya 100 wanafaa kuwa na kinga. Kila mwezi unaopotea huongeza wasio nayo, mpaka mgonjwa mmoja anatosha kuwasha moto.

Chanjo ya malaria ilifika Homa Bay mwaka 2019. Ni dozi nne, na ya mwisho huja mtoto akishaanza kutembea, wakati ni rahisi kuisahau. Ikikosekana, kinga inashuka. Basi fungua kile kijitabu cha kliniki: mdogo wako amepata ngapi?