Christiaan Eijkman: Daktari aliyefundishwa na kuku

Hapa Dodoma, mahindi yakishakobolewa mashineni, sembe huja jikoni na pumba huenda kwa kuku. Leo tunamkumbuka daktari ambaye kuku walimwonyesha thamani ya pumba.

Christiaan Eijkman alizaliwa Uholanzi mwaka 1858. Akiwa daktari wa jeshi alipelekwa Java, katika Indonesia ya leo, ambako ugonjwa wa beriberi ulilegeza miguu ya watu, ukadhoofisha moyo na kuua wengi. Yeye na wenzake walidhani unaletwa na vijidudu.

Kisha kuku wa maabara yake mjini Batavia, Jakarta ya sasa, wakaanza kupepesuka. Kumbe walikuwa wakilishwa wali mweupe uliobaki hospitali ya jeshi. Mpishi mpya alipokataa kuutoa, wakarudishiwa mchele wenye pumba zake, wakapona. Baadaye, uchunguzi katika magereza 101 ulionyesha kuwa beriberi iliwaandama zaidi wafungwa waliokula mchele mweupe.

Eijkman aliamini wali mweupe una sumu na pumba ni dawa yake. Mwaka 1901, mwenzake Gerrit Grijns alieleza kwamba tatizo ni kirutubisho kilichokosekana. Ndiyo thiamini, yaani vitamini B1, inayousaidia mwili kupata nguvu kutokana na wanga. Eijkman alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1929, akafariki mwaka uliofuata.

Thiamini imo pia katika ganda na kiini cha mahindi, mtama na uwele. Tukipika dona, hatuwaachii kuku peke yao.